Mhandisi wa karatasi na kaunta buku: kisa cha kampuni ya mifumo ya kuzima moto iliyotafuta usajili

Kisa hiki ni cha kampuni moja ya Tanzania ambayo faili lake la usajili lilipita mikononi mwangu. Nimeondoa jina la kampuni, mji, hoteli na watu, na kiasi cha fedha nimekigusa kidogo ili hesabu isije ikamtaja mtu. Mfuatano wa mambo ni uleule, pamoja na kosa moja ambalo ni langu.

Ilikotoka kampuni

Mwanzo ilikuwa mitungi. Mama mwenye kampuni alifungua duka la vifaa vya usalama: vizima moto vya poda na vya gesi ya kaboni dioksidi, blanketi za moto za jikoni, vibao vya njia ya dharura, helmeti. Fundi wake mkuu, kijana mwenye stashahada ya ufundi mitambo, alizunguka kwa wateja akikagua mitungi na kuijaza upya. Leseni ya biashara ilikuwepo, TIN, namba ya mlipakodi, ilikuwepo, na BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na leseni, walikuwa wanaijua kampuni. Duka lilikuwa linakwenda vizuri.

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo likaungua. Januari 16, 2022 likafuata soko la Karume. Wenye majengo waliokuwa wakinunua mtungi mmoja ili mkaguzi aondoke wakaanza kupiga simu kuulizia mabomba, pampu, vitambuzi vya moshi na ving'ora. Mama alikuwa na kauli yake dukani: mteja akiulizia kitu, hatusemi hatuna. Kauli hiyo ilimlipa vizuri kwenye helmeti. Kwenye mabomba ilimletea balaa.

Milango miwili ambayo watu huiona mmoja

Kabla ya kisa chenyewe, nieleze jambo ambalo nimelirudia kwa wateja mpaka nimechoka.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007 na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hulitazama jengo. Hupitia ramani kabla ya ujenzi, hukagua, hutoza ada na kutoa cheti. Swali lake ni hili: moto ukizuka humu, watu watatoka?

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyopo kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997, humtazama anayejenga. Ina makandarasi wa majengo, wa barabara na kazi nyingine za kihandisi, wa mitambo na wa umeme, wote kwa madaraja saba. Kisha ina makandarasi maalum, wenye madaraja matatu. Anayetaka kufunga mifumo ya moto na si kujenga nyumba nzima, mara nyingi njia yake ni hiyo ya makandarasi maalum. Daraja ndilo linaloweka ukomo wa thamani ya kazi unayoruhusiwa kuichukua.

Kwa hiyo jengo linaweza kuwa na cheti safi cha zimamoto ilhali aliyelifungia mabomba hana haki ya kuyafunga. Mama alikuwa anafahamiana na wakaguzi wa zimamoto wa wilaya yake, wanampigia simu na kumwita dada. Akaamini kujulikana huko ndiyo ruhusa. Hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe.

Kazi ya hoteli

Machi 2022 alipata hoteli ndogo ya ghorofa nne iliyokuwa inamaliziwa. Kazi: bomba la kupandisha maji, mpira wa kuzimia moto wa mita 30 kwenye ngoma yake kila ghorofa, pampu mbili kubwa na moja ndogo ya kushikilia presha, na vinyunyizio vichache vya maji jikoni, kwa dobi, na stoo ya juu kabisa chini ya paa la mabati. Mkataba wa shilingi milioni 46.

Mkandarasi mkuu alikuwa amesajiliwa. Alipoulizwa kuhusu usajili wa Mama alijibu: "Mama, wewe fanya, utakuwa chini ya mwavuli wangu." Mwavuli huo haukuandikwa popote. Hapakuwa na mkataba wa kandarasi ndogo wala barua. Jina la kampuni halikuwepo hata kwenye kibao cha saiti.

Fundi mkuu alifunga kazi kwa wiki saba. Nimeiona mwenyewe baadaye na mabomba yamenyooka. Shida ilianza Agosti. Mhandisi mshauri wa mwenye hoteli alipanda hadi stoo ya juu, akasimama chini ya kinyunyizio kimoja, akakimulika kwa tochi ya simu. Kidonge cha kioo kilikuwa chekundu.

Kwa msomaji asiyejua: ndani ya kinyunyizio kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika cha rangi. Joto likifika kiwango chake, kioo hupasuka na maji hutoka. Chekundu hupasuka nyuzi 68 za selisiasi, cha njano 79, cha kijani 93. Kiwango cha Marekani cha vinyunyizio, NFPA 13, ambacho wahandisi wetu wengi hukitumia, kinataka vile vya joto la kawaida, chekundu kikiwemo, viwekwe mahali ambapo joto la darini halipiti nyuzi 38. Sasa chini ya bati, pwani, Februari saa nane mchana, nyuzi 38 ni asubuhi tu. Pale palihitaji kijani.

Kumbadilishia vinyunyizio sita hakukuwa ghali. Lakini mhandisi mshauri akauliza swali lililofuata, na ndilo lililouma: nani amesanifu mfumo huu? Fundi akasema yeye. Umesajiliwa wapi? Kimya. Mkandarasi mkuu, mwenye mwavuli, akasema hawa ni wauzaji wa vifaa, hakujua kama wamefunga. Kampuni ilikuwa imelipwa milioni 28. Milioni 18 zikagoma hapo hapo, na hapakuwa na karatasi ya kwenda nayo kudai.

Faili la kwanza

Mama aliamua kusajili kampuni. Uamuzi mzuri. Namna alivyoanza ndiyo mbovu.

Bodi hutaka kampuni iwe na mkurugenzi wa ufundi: mtu mwenye taaluma inayolingana na aina ya kazi, na kama ni mhandisi awe ametambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mama hakuwa na mhandisi. Rafiki akamwelekeza kwa mmoja ambaye, kwa malipo ya kila mwezi, angetoa nakala ya vyeti vyake, atie saini, kisha aendelee na maisha yake. Wenyewe huita kukodi cheti. Mimi namwita mhandisi wa karatasi.

Kwa nini alikubali? Nilimuuliza. Alisema kila aliyemuuliza njiani alimwambia ndivyo inavyofanyika, na mshahara wa mhandisi wa kweli ulimtisha. Hesabu yake ilikuwa hivi: mhandisi wa karatasi ni sawa na mauzo ya mitungi kumi kwa mwezi, wa kweli ni sawa na faida yote ya duka.

Faili lilipelekwa Oktoba 2022. Lilirudi Januari likiwa na maelezo mafupi. Mhandisi yule tayari alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa kampuni nyingine, mkoa mwingine. Mtu mmoja hawezi kuwa kichwa cha kampuni mbili. Katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA ilitaja kuuza na kusambaza tu, haikutaja ukandarasi. Na ile iliyoitwa orodha ya kazi zilizofanyika ilikuwa risiti za duka. Ofisa aliyemhudumia hakuwa mkali, alimgeuzia karatasi na kumwambia, "Mama, hii siyo orodha ya kazi, hii ni orodha ya mauzo."

Miezi mitatu imekwenda, na malipo ya mhandisi wa miezi mitatu yamekwenda nayo. Hayakurudi.

Mezani, Februari 2023

Hapo ndipo nilipoitwa. Tulikaa ofisini nyuma ya duka, sisi watatu, fundi mkuu akiwa kwenye kreti la soda kwa sababu viti vilikuwa viwili. Zilikuwepo njia tatu.

Ya kwanza, kuachana na ufungaji na kubaki na mitungi. Mama hakutaka hata kuisikia mpaka mwisho.

Ya pili, kutafuta mhandisi mwingine wa karatasi, safari hii asiye na kampuni nyingine. Fundi mkuu ndiye aliyeiua, kwa maneno machache: "Mama, kile kioo chekundu mimi sikukijua. Na huyo wa karatasi asingekijua pia, kwa sababu asingekuja." Sikuwa na la kuongeza. Sharti la mkurugenzi wa ufundi watu hulisoma kama sharti la saini. Lakini Bodi inataka kichwa, mtu atakayepanda hadi stoo ya juu kabla mhandisi mshauri hajapanda.

Ya tatu, kuajiri mhandisi wa kweli. Tulimpata mhandisi mitambo mwanamke aliyekuwa idara ya matengenezo ya kiwanda, aliyemaliza miaka yake mitatu ya mafunzo kazini chini ya utaratibu wa ERB na kusajiliwa. Mshahara wa kiwandani Mama asingeufikia. Mazungumzo yakachukua wiki tatu, na kilichoyafungua ni hisa: asilimia 15 ya kampuni, mshahara mdogo kuliko wa kiwandani, na haki iliyoandikwa kwamba hakuna kazi itakayofungwa bila yeye kupitisha mchoro. Kipengele hicho cha mwisho alikitaka yeye. Mama alikikubali akidhani ni urembo.

Likabaki swali la daraja. Mama alitaka la juu, akisema tukishindwa tutashuka. Nilimpinga. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo Bodi inavyotaka mtaji, vifaa, wataalamu na kazi za nyuma zilizo kubwa zaidi. Kampuni hii haikuwa hata na kazi moja kubwa inayoweza kuionyesha mchana kweupe. Tukaomba daraja la tatu la makandarasi maalum.

Kosa langu liko hapa. Tuliomba upande wa mitambo pekee, yaani mabomba, pampu na vinyunyizio. Vitambuzi vya moshi na ving'ora, ambavyo ni kazi ya umeme, nilishauri viachwe hadi mwaka mwingine ili faili lisizidi uzito. Kwa karatasi ilikuwa sahihi. Kwa biashara haikuwa, nitaeleza mbele.

Kutafuta ushahidi wa kazi za zamani

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda kuliko zote, kuanzia Machi hadi Juni. Kabla ya hoteli kulikuwa na kazi ndogo ndogo: godauni moja, shule moja ya bweni, kituo cha mafuta. Bila usajili huwezi kuzitaja kama kandarasi zako. Tulichotaka ni kuonyesha uzoefu wa fundi mkuu kama mtu. Tulihitaji barua kutoka kwa wateja. Godauni lilikuwa limeuzwa, mwenye zamani amehamia nchi nyingine. Mkuu wa shule amestaafu. Picha zilikuwa kwenye simu iliyoibwa.

Siku moja mhandisi mpya alikuwa stoo akihesabu vifaa. Juu ya kabati, chini ya maboksi ya glavu, akakuta kaunta buku mbili zenye mafuta ya mashine kwenye majalada. Ni za fundi mkuu. Kila alipopima presha ya mabomba tangu 2019 alikuwa ameandika: tarehe, mahali, saa ya kuanza, geji inasoma ngapi, saa ya kumaliza, geji inasoma ngapi, nani alikuwepo. Ukurasa wa shule ya bweni ulisema hivi:

"Saa 3:10 asb. geji 14. Saa 4:00 geji 11. Inavuja kapilingi ya kona ya jikoni. Nimefungua, mpira umekunjwa. Nimebadili. Saa 5:20 geji 14. Saa 7:20 geji 14. Mlinzi kashuhudia." Na pembeni, saini ya mlinzi.

Mhandisi aliusoma amesimama. Kipimo kinachotakiwa na NFPA 13 kwa mfumo wa kawaida ni presha ya karibu bar 13.8 kwa saa mbili bila kushuka. Kijana huyu hakuwahi kukisoma kitabu hicho. Alifundishwa na bosi wake wa kwanza, gereji ya mabomba, akashika kama sala. Nilipomuuliza kwa nini alikuwa anaandika, alisema alichoka kulaumiwa bomba likivuja mwaka mmoja baadaye.

Kaunta buku zile ziliturahisishia yote. Tuliwarudia wateja tukiwa na tarehe, saa na majina, na mtu anayekumbushwa tarehe husaini barua haraka kuliko anayeulizwa tu "unatukumbuka?" Mlinzi wa shule alipatikana. Mkuu wa shule aliyefuata akaandika barua kwa kuangalia kitabu chake cha wageni cha siku hiyo.

Ukaguzi wa ofisi na vifaa

Faili jipya lilipelekwa Julai, ukaguzi ukaja Agosti. Nitaenda haraka kwa sababu mengi yalikuwa sawa: ofisi ilionekana, kibao kilikuwepo, mashine ya kuchonga nyuzi za bomba ilikuwepo, pampu ya mkono ya kupimia presha ilikuwepo, mhandisi alikuwepo na alijibu maswali mwenyewe.

Kilichotushika ni gari. Pikapu iliyoorodheshwa kama mali ya kampuni ilikuwa na kadi yenye jina la mume wa Mama. Mashine ya nyuzi nayo risiti yake ilikuwa ya Mama binafsi, ya kabla kampuni haijasajiliwa. Ndani ya nyumba ni vitu vyao wote. Kwenye karatasi kampuni haikuwa na chochote. Kubadilisha umiliki wa gari kulichukua wiki tano na mazungumzo kadhaa ya kifamilia ambayo sikualikwa.

Matokeo

Usajili ulitoka Novemba 2023, miezi 13 tangu faili la kwanza. Kazi ya kwanza kwa jina lao ilikuwa mipira ya kuzimia moto na pampu kwenye maghala mawili. Waliisajili kazi yenyewe kwa Bodi na kusimamisha kibao saiti. Mama alipiga picha na kibao kabla bomba halijafika.

Hoteli ililipa milioni 11 kati ya 18, baada ya mhandisi kukagua upya mfumo wote, kubadili vinyunyizio vya stoo kuwa vya kijani na kukabidhi michoro. Milioni 7 zilibaki huko. Mwanasheria alisema kesi ya mtu aliyefanya kazi bila usajili si kesi ya kuipeleka mahakamani ukitembea kifua mbele, na Mama akamwelewa.

Machi 2024 walikosa hosteli ya chuo binafsi. Mteja alitaka mkandarasi mmoja wa mabomba na ving'ora pamoja. Usajili wao ulikuwa wa mitambo tu. Walijaribu kuungana na kampuni ya umeme, makubaliano yakachelewa siku nne, wakapitwa.

Kilichosaidia na kilichoharibu

Nianze na hisa. Ningekuwa peke yangu nisingezishauri; niliona asilimia 15 ni nyingi kwa mtu aliyekuja jana. Lakini miezi miwili baada ya usajili Mama aliletewa kazi ya haraka ya duka la ghorofa, malipo ya awali taslimu, michoro "itakuja baadaye". Mhandisi akakataa kwa kipengele chake. Walinuniana wiki nzima. Angekuwa mwajiriwa tu angesaini, na angekuwa wa karatasi kwa njia nyingine. Hisa zilimfanya ahofie jina la kampuni kama lake. Wapo wenye kampuni wasioweza kugawana hata asilimia moja. Kwao sijui dawa nyingine zaidi ya mshahara wa kweli.

Daraja la tatu lilikuwa chaguo sahihi. Linawabana, wanalalamika, lakini kila kazi wanayoifanya sasa ina mkataba, usajili na hati ya makabidhiano, na hizo ndizo zitakazowapandisha. Ada ya mwaka nayo ni ya kupangia mapema. Bodi hufuta wasiolipa, na nimeona kampuni zilizohangaika mwaka mzima kuingia zikatolewa kwa kusahau.

Kuhusu mwavuli: ulikuwa mbovu kwa sababu haukuandikwa. Kufanya kazi kama mkandarasi mdogo chini ya mkubwa ni jambo la kila siku kwenye ujenzi, ila mdogo naye anatakiwa awe amesajiliwa kwa kazi anayoishika, na awe na mkataba. Mama hakuwa na kimoja kati ya hivyo viwili. Mkandarasi mkuu alipata kazi ya bei rahisi na mlango wa kutokea.

Na la umeme. Nilitazama faili, sikumtazama mteja. Mwenye jengo hanunui bomba peke yake na king'ora peke yake. Ananunua jengo litakalopita ukaguzi. Kabla ya kupendekeza upande upi uombwe, siku hizi huwa naomba kwanza maulizo kumi ya mwisho ya wateja na kuhesabu mangapi yalitaja vyote viwili. Kwa kampuni hii yalikuwa saba. Yalikuwa kwenye simu ya Mama muda wote ule tuliokaa mezani.

Kaunta buku imefika ya nne. Mhandisi ameongeza safu ya rangi ya kioo na ya joto la darini, na fundi mkuu hulalamika kwamba kurasa zinaisha upesi. Faili la upande wa umeme lilifunguliwa mwezi uliopita. Linakosa barua mbili za wateja, moja ni ya hoteli ileile.